Maktaba ya Lushinge

Saa kumi na moja alfajiri, Mwaloni Kirumba,
barafu imeshaanza kulia ndani ya makreti
na kompyuta ya mizani inarudia mstari uleule:
libmizani.so.2, hakuna faili wala folda hiyo.
Basi. Haiombi radhi.

Bi Nyanzobe, mwenye ghala, kashika kiuno.
"Jana imepima tani tatu. Leo imeota nini?"
Nyuma yake lori la Kahama linanguruma,
na juu ya bati kongoti mmoja kasimama
kama karani anayengoja tukosee.

Nikamweleza kwa lugha ya uani:
Mama, programu haiji na kila chombo chake.
Kinu ni kimoja, kaya ni kumi,
kila atwangaye huazima.
Hii ya mizani imeamka itwange,
imebisha hodi mlango inaoujua,
kinu hakipo.
"Nani kakichukua?"
Ndiyo kazi uliyoniitia.

Nikaandika ldd. Majina yakashuka kama mahudhurio ya darasani:
yupo, yupo, yupo,
na katikati mmoja: hayupo.
Wadudu wa ziwani wametapakaa kwenye kioo,
nikawapangusa kwa kiganja nizione nukta.
Kazi hii, nukta moja inakula siku nzima.

Kwenye mashine ya chumba cha baridi
nikakuta faili la jina hilohilo.
Nikalinakili kwa furaha ya kijinga.
Likakataliwa mlangoni:
lile la biti thelathini na mbili, hii ya sitini na nne,
kinu cha kuchezea watoto
na mchi wa mtu mzima.
Lori likapiga honi. Nikajifanya sisikii.

Ndipo nikaiuliza programu yenyewe:
wewe huwa unakwenda kutafuta wapi?
Ikanionyesha njia iliyochanjwa ndani yake
siku ilipoundwa:
/home/lushinge/lib

"Mama, Lushinge yuko wapi?"
Akatazama maji.
"Nilimwachisha Ijumaa. Kilo hazikulingana.
Mwanangu akasema, mfute kwenye mfumo,
yeye na kila kilicho chake.
Tukamfuta."

Leo Jumanne.
Siku zote hizo mashine ilikuwa imewashwa,
na programu iliyokwisha kumpokea
haikuambiwa kwamba kafukuzwa.
Iliendelea kupima kwa mkono wake, kutoka kumbukumbuni,
sangara kwa sangara,
mpaka jana usiku umeme ulipokatika
ikamwachia.

Nikampigia. Yuko Sengerema, nyuma yake jogoo.
"Kilo zimelingana sasa?"
Nikasema, zimekataa hata kupimwa.
Hakucheka. Akanyamaza nikadhani salio limeisha.
Kisha: "Droo ya risiti, chini kabisa,
kuna flashi nimeifunga uzi wa nyavu.
Ila usiliweke tena nyumbani kwa mtu.
Hapo nilikosea mimi."

Uzi ulikuwa na fundo la wavuvi; nikaung'ata.
Nikaliweka faili kwenye /usr/local/lib, kwa wote,
nikaamuru ldconfig iandike upya daftari la mitaa,
nikaita tena majina.
Yule wa katikati akaitika.

Kioo kikaandika 0.00.
Sijapata kuona sufuri nzuri namna ile.
Kreti la kwanza: 41.60.
Wapagazi wakaanza kusukumana kwa matusi ya kawaida.

"Unanidai ngapi?"
Nikaandika risiti ya mistari miwili.
Wa kwanza wangu, elfu ishirini, pamoja na bodaboda.
Wa pili nikaandika Lushinge,
na mbele ya jina sikuandika kitu.

Bi Nyanzobe akaichukua kalamu.
Kaishika mpaka sasa.